Hela ya Ufundi wa Mlango wa Mbele

Gharama ya mlango wa mbele ina mafungu matatu: mlango wenyewe na fremu yake, vifaa vya kuufungia, na ufundi. Mafungu mawili ya kwanza yana bei inayoonekana. Mlango wa mninga unauzwa kwa bei yake, bawaba zinauzwa kwa jozi, kitasa kimefungwa ndani ya boksi na bei yake imeshabandikwa. Fungu la tatu halina bei ya rafuni. Hutajwa fundi akishafika, na mafundi wawili wanaoangalia ukuta uleule huweza kutaja bei ambazo moja ni mara mbili ya nyingine bila yeyote kati yao kuwa mwongo. Tofauti hiyo ina sababu zake, na sababu kubwa kuliko zote haimo ndani ya mlango. Imo ukutani.

Vipimo vya mlango wa mbele havitofautiani sana kati ya nyumba na nyumba. Katika sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya, uwazi unaoachwa na fundi mwashi kwa ajili ya mlango wa ubao mmoja huwa karibu sentimita 90 kwa upana na 210 kwa urefu, au futi tatu kwa saba kwa lugha ya mafundi wa zamani. Kwa hiyo mbao, bawaba na kitasa hukadiriwa mapema bila taabu. Kinachotofautiana ni hali ya uwazi wenyewe: kama kingo zake zimenyooka, kama sakafu imeshawekwa vigae, kama lipu imeshapigwa, kama kuna fremu ya zamani ya kung'olewa. Siku za kazi hutokana na mambo hayo, na siku za kazi ndizo zinazogeuka kuwa hela ya ufundi.

Ili kuelewa hela hiyo inakwenda wapi, ni vema kuifuata kazi yenyewe hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kupima. Fundi anayejua kazi hupima upana wa uwazi sehemu tatu, yaani juu, katikati na chini, kwa sababu ukuta wa tofali za saruji hauko sawa kila mahali. Kisha hupima mishazari miwili, kutoka kona ya juu ya upande mmoja hadi kona ya chini ya upande wa pili. Uwazi wa sentimita 90 kwa 210 ulio na kona za mraba kamili una mshazari wa takribani sentimita 228 na nusu, na mishazari yote miwili lazima ilingane. Mmoja ukizidi mwingine, uwazi umeegama, na fremu iliyotengenezwa mraba haitakaa humo bila kuchonga ukuta au kujaza pengo. Kipimo hiki hakizidi dakika chache, lakini ndicho kinachoamua kama kazi ni ya siku moja au ya siku mbili.

Hatua ya pili ni kusimamisha fremu. Hapa hutumika timazi kwa wima na pimamaji kwa ulalo. Fremu huwekwa mahali pake, hushikiliwa kwa kabari za mbao, husogezwa kidogo kidogo hadi miimo yote miwili iwe wima kwa pande zote mbili: upande wa uso wa ukuta na upande wa ndani ya uwazi. Mwimo wa bawaba ukiegama kuelekea ndani, mlango utajifungua wenyewe. Ukiegama kuelekea nje, utajifunga wenyewe. Makosa ya aina hiyo hayarekebishwi kwa kusogeza bawaba peke yake. Yakigundulika baada ya saruji kukauka, dawa yake mara nyingi ni kubomoa na kuanza upya.

Fremu ikishanyooka hufungwa ukutani. Zamani, na hata sasa katika nyumba nyingi, fremu ya mbao husimamishwa wakati ukuta unajengwa, ikishikwa na vipande vya bati la chuma vilivyopigiliwa kwenye mwimo na kulazwa katikati ya mistari ya tofali. Njia hiyo ni imara na rahisi kwa upande wa ufundi, kwa kuwa fundi mwashi na seremala hufanya kazi pamoja. Ubaya wake ni kwamba fremu hupigwa mvua, huchafuliwa na saruji na kugongwa na matoroli hadi nyumba iishe. Siku hizi wajenzi wengi huacha uwazi mtupu, kisha fremu huja baadaye na kufungwa kwa skrubu ndefu na plagi zinazoingia ndani ya tofali. Njia hii huiacha fremu safi, lakini inahitaji drili, umeme na muda. Tofali lenye saruji kidogo humeguka likitobolewa, na tundu likipanuka plagi haishiki. Fundi hulazimika kutoboa pengine, au kujaza saruji na kusubiri ikauke.

Kusubiri huko ni sehemu ya gharama ambayo mwenye nyumba huiona kama uvivu. Mwanya kati ya fremu na ukuta ukijazwa saruji, mlango haufai kuning'inizwa saa hiyohiyo. Saruji mbichi haina nguvu ya kubeba mlango mzito unaofunguliwa na kufungwa. Fundi mwangalifu hujaza jioni na kurudi kesho yake au siku inayofuata. Safari ya pili ina nauli yake, na nauli hiyo imo ndani ya bei hata kama haikutajwa.

Hatua ya tatu ni mlango wenyewe. Ubao huwekwa kwenye fremu, hutiwa alama, kisha hurandwa hadi ubaki mwanya mdogo pembeni na juu, karibu milimita tatu, na mkubwa kidogo chini ili usikwaruze vigae au zulia la mlangoni. Kisha huchongwa nafasi za bawaba kwa patasi, kwenye mwimo na kwenye ubao, kwa kina cha unene wa bawaba na si zaidi. Bawaba ikizama mno, mlango hubana upande huo kabla haujafunga. Ikitokeza mno, mwanya huwa mpana na mwanga hupenya.

Idadi ya bawaba si suala la urembo. Mlango wa mbao ngumu unaweza kufika kilo 48 kwa urahisi. Uzito huo, kwa mlango wa sentimita 90, huwa kama umening'inia sentimita 45 kutoka kwenye bawaba, kwa maana hiyo ndiyo katikati ya ubao. Bawaba za juu na za chini zikiwa zimeachana kwa mita 1.6, bawaba ya juu huvutwa kuelekea nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 13 na nusu, usiku na mchana, mlango ukiwa umefungwa au umefunguliwa. Kwa hiyo skrubu fupi za bawaba ya juu ndizo zinazoanza kulegea katika milango iliyofungwa kwa haraka, na kwa sababu hiyohiyo mafundi huweka bawaba tatu kwenye mlango mzito, na skrubu ndefu juu.

Hatua ya nne ni kitasa. Kitasa cha kuzamishwa huhitaji tundu refu ndani ya unene wa ubao, matundu ya ufunguo na mkono pande zote mbili, na nafasi ya kupokea ulimi kwenye mwimo. Kazi hii hufanywa kwa mkono, na ubao uliotobolewa vibaya hauna dawa ya siri: kovu litaonekana daima. Mlango wa mbele ndio wenye kitasa kizito kuliko milango mingine ya nyumba, na mara nyingi huongezewa komeo, mnyororo au kitasa cha pili juu yake. Kila kimoja kati ya hivyo huongeza muda. Mwenye nyumba anayenunua kitasa kipya katikati ya kazi, baada ya fundi kuwa ameshachonga nafasi ya kile cha kwanza, amenunua pia nusu siku nyingine ya ufundi.

Baada ya hapo hufuata mbao nyembamba za kufunika mwanya kati ya fremu na lipu, msasa, na vanishi au rangi. Katika miji mingi kazi ya rangi ni ya fundi mwingine. Bei ya kufunga mlango isiyosema kama vanishi imo au haimo ni bei isiyokamilika, na ugomvi mwingi wa siku ya mwisho huzaliwa hapo.

Sasa hesabu yenyewe. Fundi wa kujitegemea hapangi bei kwa kubahatisha, ingawa ni wachache wanaoiandika. Anazo siku zake, ujira wa saidia fundi, nauli ya watu wawili na vyombo, uchakavu wa drili, msumeno na patasi, na akiba ya kurudi kurekebisha. Mfano wa hesabu, usio bei ya soko la mji wowote, unaonyesha namna mafungu hayo yanavyojengeka. Fundi anataka kubaki na shilingi 40,000 kwa siku, na saidia fundi analipwa 20,000. Nauli ya wote wawili ni 10,000 kwa siku, na vyombo vinatengewa 5,000. Siku moja ya kazi inagharimu 75,000. Akiongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya marekebisho, bei inakuwa 82,500. Hiyo ni bei ya mlango unaofungwa kwenye fremu iliyosimama sawasawa katika nyumba mpya.

Mlango uleule ukitakiwa kuchukua nafasi ya mlango wa zamani, mambo hubadilika. Siku ya kwanza ni kung'oa fremu ya zamani, kuchonga kingo, kusimamisha fremu mpya na kujaza saruji. Siku ya pili ni kuning'iniza mlango, kufunga kitasa na kuziba makovu ya lipu. Siku mbili ni 150,000, na pamoja na akiba ya marekebisho ni 165,000. Mbao ni zilezile, kitasa ni kilekile, fundi ni yuleyule, na bei ni mara mbili. Mwenye nyumba aliyesikia jirani yake kalipa 82,500 ataona anaibiwa, kumbe jirani alinunua siku moja na yeye ananunua mbili.

Swali jingine ni kwa nini fundi aombe 40,000 kwa siku ilhali mtu aliyeajiriwa kwenye karakana kwa ujuzi uleule hupokea pungufu. Jibu limo katika siku zisizo na kazi. Fundi anayetaka kuingiza 600,000 kwa mwezi na anayepata kazi siku 24 atahitaji 25,000 tu kwa siku. Akipata kazi siku 15, atahitaji 40,000. Siku tisa zilizobaki hukaa kijiweni akisubiri simu, huenda kuangalia kazi ambazo hazikuangukia kwake, au hurudi kurekebisha milango ya zamani bila malipo. Bei ya siku ya fundi wa kujitegemea hubeba siku zake tupu, wakati mshahara wa mwajiriwa huacha siku hizo mikononi mwa mwajiri.

Hatari za kazi nazo ni zake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nchini Tanzania, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, unawahusu waajiriwa ambao waajiri wao huwachangia. Fundi aliyeitwa kufunga mlango mmoja kwa makubaliano ya kazi si mwajiriwa wa mwenye nyumba. Patasi ikimkata, hospitali ni juu yake, isipokuwa mwenye nyumba akiwa na huruma. Bei yake, kwa namna isiyosemwa, ina sehemu ya hatari hiyo.

Aina ya mlango hubadilisha fundi na hubadilisha hesabu. Mlango wa mbao ni wa seremala. Mbao ngumu kama mninga, mvule, mkongo na mtiki huchosha patasi na hutaka muda zaidi kuliko paini, lakini hushika skrubu vizuri na haziachi mlango ulegee mapema. Milango ya flashi, ambayo ndani ina fremu nyepesi na juu imefunikwa plaiwudi, ni myepesi na hufungwa haraka. Hata hivyo kitasa kizito hakina pa kushika ikiwa ndani hamna ubao mzima mahali pa kitasa, kwa hiyo milango hiyo inafaa vyumbani kuliko mbele ya nyumba.

Mlango wa chuma na grili ni kazi ya fundi wa kuchomelea. Gharama yake ina kipengele ambacho seremala hana: umeme. Mashine ya kuchomelea hula umeme mwingi, na kama kazi inafanyika kwenye nyumba badala ya karakana, uniti za Luku zinazoteketea ni za mwenye nyumba. Pasipo na umeme, jenereta hukodiwa pamoja na mafuta yake. Busara ni kusema mapema nani anabeba gharama hiyo. Grili pia inatakiwa kufungwa kabla ya lipu ya mwisho ili nanga zake zifichwe ukutani. Ikifungwa baada ya rangi, fundi rangi ataitwa tena, na cheche za grinda huweza kutia madoa kwenye vigae vipya.

Nyumba nyingi zina vyote viwili, yaani grili kwa nje na mlango wa mbao kwa ndani. Hapo mpangilio wa mafundi ni sehemu ya gharama. Seremala akitangulia na mlango ukafunguka kwa nje, grili haitapata nafasi. Mchomeleaji akitangulia bila kujua mkono wa kitasa utatokeza kiasi gani, mlango utagonga vyuma. Mafundi wawili wakikutanishwa siku moja kabla ya kazi kuanza, vipimo hupatana. Wasipokutana, mmoja wao atarudi, na atarudi kwa malipo.

Milango ya chuma inayotengenezwa viwandani, ambayo mingi hutoka China, huja na fremu, bawaba na vitasa vyake tayari. Kwa kuwa hakuna kuranda wala kuchonga, watu hutarajia ufundi wake uwe wa bei ndogo. Mara nyingine huwa hivyo. Lakini mlango wa aina hiyo hauwezi kupunguzwa. Seremala huweza kuranda milimita tano za mninga, ila hawezi kuranda chuma kilichopakwa rangi kiwandani. Kama uwazi ni mdogo, ukuta ndio unaochongwa. Kama ni mkubwa, ukuta ndio unaojazwa. Uzito wake nao unataka watu wawili au watatu wa kuubeba. Hivyo ufundi wa mlango wa kiwandani hupungua pale tu uwazi ulipoandaliwa kwa vipimo vyake tangu mwanzo.

Mlango wa pande mbili, unaopendwa kwenye nyumba kubwa, hauna hesabu ya kuzidisha kwa mbili peke yake. Mbao mbili lazima zikutane katikati kwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini, na kosa la kila mwimo huonekana pale zinapokutana. Upande mmoja hufungwa kwa makomeo ya juu na chini, na tundu la komeo la chini hutobolewa kwenye sakafu, mara nyingi kwenye kigae kinachoweza kupasuka.

Upande wa mbali kabisa wa kazi hii uko visiwani na Lamu, kwenye milango ya kuchongwa. Mlango wa kale wa Zanzibar una mbao mbili nzito, mfaa katikati, na fremu pana iliyochongwa nakshi, na mingi kati ya milango hiyo haiendi kwa bawaba bali kwa ncha za mbao zinazozunguka ndani ya matundu yaliyo juu na chini. Mlango wa namna hiyo hauwezi kutolewa na kurudishwa kama mlango wa kawaida. Fremu yake ni sehemu ya ukuta wa mawe na chokaa. Anayeutengeneza hulipwa kwa wiki na miezi ya kuchonga, na anayeusimamisha hulazimika kujua chokaa kama anavyojua mbao, kwa kuwa saruji ngumu iliyopakwa kwenye ukuta wa zamani huzuia unyevu kutoka na kuudhuru ukuta. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Lamu tangu 2001. Huko, kubadili mlango wa mbele kunahusu pia vibali, na muda wa kufuatilia vibali ni gharama nyingine kabla fundi hajagusa patasi.

Baada ya aina ya mlango, linafuata suala la namna ya kupatana. Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kulipa kwa siku, kama deiwaka. Faida yake ni kwamba fundi hana haraka ya kuharibu, na kasoro yake ni kwamba hana haraka hata kidogo. Njia hii inafaa nyumba ya zamani ambayo hakuna anayejua kilicho nyuma ya fremu hadi ing'olewe. Ya pili ni kulipa kwa kazi: mlango umefungwa, hela imetoka. Mwenye nyumba hujua bei tangu mwanzo, lakini fundi hupata faida kwa kumaliza upesi, na mahali pa kwanza pa kuokoa muda ni pale pasipoonekana, yaani plagi za ukutani na saruji ya nyuma ya fremu. Ya tatu ni bei ya jumla, ambapo fundi hununua vifaa na kufunga. Njia hiyo humpunguzia mwenye nyumba safari za dukani, ila huficha hela ya ufundi ndani ya bei ya mbao, na haiwezekani kujua kama punguzo lililotolewa limekatwa kwenye ufundi au kwenye ubora wa bawaba.

Seremala mwenye karakana, kama wale wa Keko jijini Dar es Salaam au wa Gikomba jijini Nairobi, mara nyingi husema kwamba kufunga ni bure kwa anayenunua mlango kwake. Hakuna kufunga kwa bure. Siku ya kazi imeshaingizwa kwenye bei ya mlango, kwa kukadiria uwazi wa kawaida. Uwazi usipokuwa wa kawaida, mazungumzo huanza upya mlango ukiwa umeshafika na malipo yakiwa yameshatolewa, wakati ambapo mwenye nyumba hana tena nguvu ya kupatana.

Kampuni zilizosajiliwa hutoza zaidi, na sehemu ya nyongeza hiyo si faida. Iliyosajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani hutakiwa kuitoza, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya. Juu yake kuna ofisi, usafiri, na mafundi wanaolipwa hata siku isiyo na mlango. Anachopata mteja ni stakabadhi, anwani isiyohama, na mtu wa kumrudia. Kwa mlango mmoja wa nyumba ya kawaida huenda hayo yasihitajike. Kwa jengo la ofisi au nyumba za kupangisha zenye milango mingi, yana thamani yake.

Cheti nacho kina nafasi yake katika bei, japo si kubwa kama inavyodhaniwa. Tanzania ina vyuo vya VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo pia hupima na kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Kenya ina mamlaka ya NITA inayotahini mafundi kwa madaraja matatu. Cheti kinathibitisha kwamba mtu amepimwa. Hakithibitishi kwamba amefunga milango ya mbele mwaka huu. Njia ya uhakika zaidi ni kwenda kuangalia mlango alioufunga mwaka mmoja au miwili iliyopita, kuufungua na kuufunga.

Mwaka huo mmoja una maana kwa sababu ya mbao. Ubao huvimba unyevu ukizidi na husinyaa hewa ikikauka. Pwani, mlango uliofungwa wakati wa kiangazi ukiwa na mwanya mwembamba huanza kubana masika ikiingia. Dodoma na maeneo mengine makavu, mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi husinyaa, viungo vikaachana na paneli zikacheza. Fundi hawezi kuzuia maumbile ya mbao, lakini anaweza kukubali mapema kurudi mara moja baada ya msimu kubadilika ili aurande au akaze. Ziara hiyo ikiwa ndani ya bei, ni sehemu ya ufundi. Ikiwa haimo, ni kazi mpya yenye nauli mpya. Bei mbili zilizo tofauti kwa kiasi kidogo huweza kutenganishwa na jambo hilo peke yake.

Makubaliano ya mdomo ni mkataba halali mbele ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, lakini mkataba wa mdomo ni mgumu kuuthibitisha pande mbili zikitofautiana. Karatasi moja au ujumbe wa simu unatosha kwa kazi ya mlango. Unatakiwa kutaja bei ya ufundi peke yake, nani ananunua skrubu, plagi na saruji, nani anang'oa fremu ya zamani na kuondoa kifusi, kama lipu na vanishi vimo, kitasa ni cha aina gani, kazi inaanza na kuisha lini, na kama kuna ziara ya kurekebisha. Bei iliyotajwa kwa simu kabla ya fundi kuuona ukuta inafaa kuchukuliwa kama makadirio tu, kwa kuwa fundi ametaja bei ya uwazi alioukisia.

Malipo hugawanywa kulingana na hatua. Kama vifaa vinanunuliwa na mwenye nyumba, fundi hahitaji kutangulizwa fedha nyingi. Nauli na chakula cha siku ya kwanza vinatosha. Sehemu kubwa hutolewa fremu ikishasimama na kukaguliwa, kwa sababu hapo ndipo kazi ngumu inapoishia. Kiasi kinachobaki hutolewa mlango ukishapimwa.

Kuupima si kazi ya kitaalamu. Mlango hufunguliwa nusu na kuachwa. Usipotembea wenyewe, mwimo uko wima. Hufungwa taratibu, na mwanya huangaliwa kama ni sawa kutoka juu hadi chini. Ufunguo huzungushwa kutoka ndani na kutoka nje bila kusukuma wala kuinua ubao. Fremu husukumwa kwa bega karibu na kitasa, mahali ambapo mwizi angesukuma. Ikicheza, plagi hazikushika. Skrubu za bawaba ya juu huangaliwa moja moja, kwa kuwa skrubu iliyopigwa nyundo badala ya kukazwa kwa bisibisi huonekana kichwani. Mlango ukifaulu mambo hayo, hela iliyobaki hutolewa siku hiyohiyo. Usipofaulu, hela hiyo ndiyo itakayomrudisha fundi kesho yake.